Amekwenda Kenya

Kila Ijumaa jioni Agustina Nchagwa huvuka mpaka pale Sirari akiwa na begi la vitabu mgongoni na mkate mkononi, kwa sababu binti yake Akinyi anaamini mkate wa Kenya ni laini zaidi. Siku tano za wiki anaishi Migori, anakoandika vijitabu vya kuwatetea wasichana wasikeketwe. Jumamosi na Jumapili ni mama wa nyumba moja ya Nyamisangura, hapa Tarime: anafua, anamsuka Akinyi, anabishana na mumewe Okal, ambaye ni muuguzi, kuhusu nani kamaliza sukari.

Jirani akimuulizia katikati ya wiki, mama mzazi wa Agustina, Mogesi, anayekaa chumba cha uani, hujibu, "Amekwenda Kenya," kisha hucheka peke yake mpaka khanga inamdondoka begani. Hakuna aliyejua kinachomchekesha.

Nyumba hiyo ina sheria moja. Kabla andiko halijaenda kwa mchapaji, kila aliyetajwa ndani lazima asomewe, na ana haki ya kusema "toa". Akishasema, hakuna rufaa. Jumamosi moja Agustina alikaa uani na kurasa za kitabu chake kipya. Mchapaji alikuwa anazisubiri Jumatatu.

Okal alianza. "Hapo unaposema nililia ulipoondoka mara ya kwanza. Toa."

"Lakini ulilia."

"Nililia, ndiyo. Ila wagonjwa wangu wanajua kusoma."

"Na yule jogoo naye atoke," alisema Akinyi. "Nilimwogopa nikiwa mdogo."

"Mdogo wa mwezi uliopita?" baba yake akamuuliza.

Ikabaki sura ya nne, na kicheko kikaisha chenyewe. Ilisimulia Desemba moja kule Kenyamonta, Agustina akiwa na miaka kumi na mmoja. Wenzake walipokuwa wakipelekwa kukeketwa, mama yake alimficha siku nne ndani ya kihenge nyuma ya nyumba, juu ya ulezi, mpaka msimu ukapita. Januari akampeleka shule ya bweni. Baba yake alikufa bila kujua. Mogesi hakuwahi kuligusia jambo hilo, hata kwa binti yake. Akisema toa, kitabu kingebaki bila moyo, na Agustina angetii.

Akasoma polepole. Mogesi alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Lilipotajwa neno kihenge, vidole vyake vikasimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Rudia pale mwisho."

"'Mama alinificha peke yake, bila msaada wa mtu.'"

"Toa."

Agustina akainamisha kichwa, akashika kalamu. "Sura yote?"

"Sura gani? Hayo maneno. Ni ya uongo. Waisiko umemweka wapi?"

Waisiko alikuwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mkali aliyeogopwa na ukoo mzima. Agustina aliamini kwamba ndiye aliyetaka akeketwe kuliko wote. Hata siku ya mazishi yake hakumlilia.

"Alikaa mbele ya nyumba siku zote nne na ungo wake," Mogesi akaendelea. "Kila aliyekuja kukutafuta alimjibu, uso mkavu: 'Nchagwa? Amekwenda Kenya, kwa mjomba wake.' Hata baba yako aliambiwa hivyo hivyo. Na wewe huko nyuma ukapiga chafya!"

"Ikawaje, bibi?" Akinyi akadakia.

"Waisiko akamwambia ni mbuzi."

Okal aliinama akishika tumbo. Agustina alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mama yake akamsogezea ncha ya khanga.

"Mwandike," alisema. "Na umwandike vizuri. Kwa kudanganya, alikushinda wewe na vitabu vyako."

Usiku ule Agustina hakuweza kusubiri. Aliiandika upya sura ya nne juu ya meza ya jikoni, na Jumatatu asubuhi akaondoka nayo.

Haikupita saa, jirani yao Laurensia akachungulia getini. "Mama yupo?"

"Amekwenda Kenya," Akinyi akamjibu, uso mkavu.

Kutoka chumba cha uani ikasikika chafya kubwa.

"Na huyo?"

"Huyo ni mbuzi, shangazi."