Korosho Moja Iliyobaki

Mpaka leo nikisikia ndoo tupu zikigongana barabarani, moyo hunienda mbio. Kwetu Newala maji yalikuwa ya mgao, na ukisikia mlio ule ujue bomba limefunguliwa, wahi foleni.

Siku hiyo mlio ulinikuta darasa la sita, nimepiga magoti sakafuni. Mwalimu Bakari wa hisabati alikuwa amegawia kila kundi korosho mia mbili na kumi na moja.

"Zipangeni mistari iliyo sawa, isibaki hata moja. Mstari mmoja mrefu siutaki, wala korosho mojamoja. Hatoki mtu mpaka zipangike."

Nyumbani mama alikuwa na kichanga, na mtungi ulikuwa mkavu tangu asubuhi. Wa kwenda bombani nilikuwa mimi tu.

Mistari miwili, ikabaki moja. Mitatu, ikabaki moja. Mitano, moja. Saba, ileile moja, kama inatucheka! Kwa kumi na moja zikabaki mbili, na huko nje mlio wa ndoo ulikuwa unapungua. Nilipomaliza kumi na nne nikaacha, nikasimama. Kumwambia Mwalimu Bakari kitu hakiwezekani kulikuwa kujitafutia fimbo.

"Mwalimu, hazipangiki."

"Umejaribu mpaka ngapi?"

"Kumi na nne."

Darasa likaangua kicheko. "Na ishirini je? Na hamsini?" Mwalimu akauliza.

Nikakumbuka jamvi la makopa, mihogo tunayoanika uani. "Nikianika makopa, upande huu naona mistari mitatu ya vipande vitano. Nikizunguka, naona mitano ya vitatu. Sasa kumi na tano kwa kumi na tano ni mia mbili ishirini na tano, inazipita korosho hizi. Mistari ikizidi kumi na nne, kila mmoja utakuwa na korosho chini ya kumi na tano. Nikizunguka, ni mistari niliyokwisha kuijaribu."

"Namba tasa," Mwalimu akasema taratibu. "Nendeni."

Nilikimbia mpaka bombani, nikakuta limefungwa. Nikarudi na ndoo tupu, nikamweleza mama huku nalia habari za mia mbili na kumi na moja.

"Haya, mwogeshe mdogo wako kwa hiyo namba," akasema.

Jioni tukasikia hodi. Alikuwa Mwalimu Bakari na baiskeli, dumu limefungwa nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama Somoe, maji haya." Akaliteremsha, akaondoka.

Nilidhani ni zawadi ya jibu langu, nikaringa wiki nzima. Sasa nafundisha hisabati Masasi, na najua swali tamu linavyomsahaulisha mwalimu saa. Juzi nilikutana na mke wa Mwalimu Bakari sokoni. Akacheka, akaniambia dumu lile alilipangia foleni yeye, na ndilo pekee walilopata siku hiyo. Watoto wao wanne walilala bila kuoga.

Zama zile mtu mzima hakumwomba mtoto radhi. Mimi niliombwa, kwa dumu la maji, na radhi hiyo tukaipikia uji.