Ua la Koko na Mawe ya Ukuta Wetu

Wenzangu tuliokulia Goma wakati kuta za nyua zilikuwa za mawe meusi ya volkano, najua bado mna makovu kwenye magoti. Mimi ninayo. Tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, juu ya mawe hayohayo, tukaanguka, tukajipaka mate na kurudi mchezoni. Jioni Mama alikaanga sambaza, visamaki vya ziwani, na harufu ile ndiyo iliyotuita nyumbani. Watoto wa leo wakikwaruzika kidogo, kidonda kinapigwa picha kwanza, ndipo walie.

Nikiukumbuka uwanja ule namkumbuka Koko, mama yake Mama. Alitufikia kutoka vilima vya Masisi, watu walipokuwa wakikimbia vita, akiwa na kifurushi cha vitenge mgongoni na kipande cha tawi mkononi, kimefungwa kwa jani la mgomba. Juu ya tawi lile palikuwa na mmea mdogo wenye majani manene, mizizi yake ikining'inia hewani kama kamba za viatu. Aliutoa kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Leo najua kwamba ni okidi. Sisi tuliuita ua la Koko, ingawa ua lenyewe hatukuwa tumeliona.

Kifurushi hakukifungua. Alikiweka kando ya mlango, akawa anachomoa kitenge cha kubadilisha na kukaza fundo tena. Mama alimtengea nafasi kabatini, akambembeleza, akanuna. Koko alijibu kwamba yeye ni mgeni tu, karibu atarudi kwake. Kule kwake palikuwa pameungua, na sote tulijua. Nilimpenda mno bibi yule, na kila nikitoka shule nilitupa jicho mlangoni kwanza, nione kama kifurushi bado kipo.

Sasa, Papa alikuwa mtu wa Kibumba, kwa wakulima wa kabichi, na mtu wa Kibumba akiona mzizi uko nje lazima aufukie. Alileta gunia la udongo mweusi wa kwao, akauchanganya na mavi ya ng'ombe, akaushindilia mmea mpaka shingoni ndani ya kopo la maziwa.

"Udongo ya Kibumba haishindwaka na kitu," alisema akipangusa mikono.

Kwa kabichi ni kweli kabisa. Koko alitazama tu, kwa sababu kwao mama mkwe habishani na mkwe wake. Nilipomuuliza baadaye ua linatunzwaje, alishangaa swali lenyewe. Kwao, alisema, hakuna mtu aliyewahi kulilima. Lilikuwa tu pale, juu ya mti.

Basi tukalitunza kwa upendo na ujinga. Maji tuliyabeba kutoka ziwani, bidoni ya plastiki kichwani, shingo ikiuma, lakini ua halikukosa fungu lake. Dada yangu alilimwagia asubuhi kwa siri, mimi nikitoka shule, Mama jioni, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Majani yakawa ya manjano, kisha yakalegea kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Kadiri yalivyolegea ndivyo Koko alivyozidi kusukuma sahani yake kando. Siku moja nilimkuta akiuliza majirani kama barabara ya Masisi imefunguliwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mama ndiye aliyechoshwa na uvundo wa lile kopo. Aliung'oa mmea, akakata mizizi iliyooza, ikabaki michache tu. Kuutupa mbele ya mama yake akashindwa. Akauchomeka kwenye ufa wa ukuta wa mawe, karibu na ukingo wa paa, aje autupe Koko akiwa misani. Jumapili hiyo goti la Koko likauma, hakwenda misa, na Mama akasahau.

Mvua zikaanza. Ukungu ulishuka asubuhi, jua likaja baadaye, maji yakachuruzika juu ya mawe na kupita zake bila kutuama. Jioni moja, tukichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, tulisikia harufu tamu isiyo ya jikoni. Koko aliinuka na kuifuata. Pale kwenye ufa palikuwa na maua meupe, membamba, na mzizi mpya wa kijani ulikuwa umejibandika juu ya jiwe. Alijaribu kuuinua kwa kucha. Ulikataa.

"Kumbe hata huku inashika," alisema.

Akaingia ndani, akafungua fundo, akampa Mama vitenge vyake kimoja kimoja aviweke kabatini. Mama alivipokea machozi yakimtiririka. Mimi nilifurahi hadi nikashindwa kumaliza chakula.

Koko tulimzika hapahapa Goma, miaka mingi baadaye. Ukuta ule ulibomolewa, siku hizi kila mtu anataka matofali ya saruji, lakini jiwe lile nililichukua pamoja na ua lake. Binti yangu naye alijinunulia okidi ya dukani ndani ya kikombe cha plastiki. Anafuata mafunzo ya kwenye simu, anaipima maji kama dawa ya mtoto, na maua yalipodondoka karibu aifanyie kilio. Nilicheka, kisha nikamtafutia mawe meusi.

Enzi zile, nyumbani kwetu, kifurushi kando ya mlango kilikuwa cha Koko peke yake. Sasa, kwa hofu ya vita, mimi ninacho, jirani anacho, hata binti yangu amekunja nguo zake ndani ya begi, nalo liko tayari. Tumekuwa wageni katika nyumba zetu wenyewe, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema. Jana jioni, nikichambua sombe, harufu ile ilinijia tena. Nilikwenda kwenye jiwe, nikaugusa mzizi kwa kucha, kisha nikarudi ndani na kufungua fundo.