Meno ya Maalimu Twalha

Ashatu si mtu wa kukasirika ovyo, lakini kikaratasi cha daktari kiliporudi mara ya tatu na neno lile lile, "Rudia," alikipiga kofi pale mezani. Arudie nini? Mwaka wa kumi na nne huu anachonga meno ya bandia hapa Bagamoyo, na hakuna jino lililowahi kumtia aibu. Haya ya Maalimu Twalha ameyapunguza, ameyapanga upya. Kwenye sanamu ya plasta ya kinywa chake yamekaa barabara. Lakini plasta haisemi.

Kuuliza si ujinga. Akampigia Daktari Cosmas, mwenye kliniki ya meno kule Msata.

"Anayakataa, Fundi, na hasemi kwa nini. Mfungo u karibu, naye anadai hatasalisha tena."

"Basi nakuja kumwona."

"Fundi haonani na mgonjwa. Kinywa ni kazi yangu."

"Ni yako, Daktari. Lakini nakuja."

Kesho yake akapanda basi na kisanduku chake cha misasa. Akamkuta Maalimu pale kliniki, kajiziba mdomo kwa leso.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Daktari akamhesabisha mzee kama ilivyo desturi yake ya kupima matamshi: sitini, sitini na moja, mpaka sitini na sita. Zote zikatoka safi. Akamtupia Ashatu jicho la umeona?

"Maalimu," Ashatu akasema, "nisomee Alhamdu."

Mzee akasita, akasoma. Alipofika "alladhina" ikatoka "allazina." Akairudisha leso mdomoni, machozi yakimlenga. Miaka arobaini amewasahihisha watoto wa watu herufi hiyo hiyo, na aibu ilimfunga hata kumweleza daktari. Roho ilimuuma Ashatu.

"Nyuma ya meno ya mbele ni panene, Daktari. Ulimi haupati pa kuchungulia. Kosa ni langu, ila sikuambiwa mapema kinywa hiki hufanya kazi gani."

Daktari Cosmas, mtu wa bara aliyelelewa kanisani, hakujua Alhamdu husomwaje. Akamvutia fundi kiti.

Ashatu akasaga kidogo, akamvalisha mzee, akasikiliza. Akasaga tena. Mara ya tano "alladhina" ikatoka kamili. Maalimu akasoma sura mpaka mwisho, kisha akaianza upya bila kuombwa.

Wiki iliyofuata plasta nyingine ikafika Bagamoyo. Kikaratasi chake kilijaa pande zote mbili, na chini kabisa Daktari ameandika: "Bibi huyu ni kungwi, hupiga vigelegele. Usianze mpaka uje umsikie."