Jina Nililolifuta Kwenye Kaseti

Kwetu manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, haimbi wimbo bila kujitaja. Ngoma zinanyamaza, wachezaji wanasimama pale walipo, na yeye peke yake anataja jina lake, la baba yake, la mama yake na kijiji anakotoka. Ndipo ngoma zinarudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni majivuno tu. Baba yangu alikuwa manju, na alipofika hapo pa kujitaja aliinua kidevu kwa namna iliyomkera sana mama.

"Kila mtu hapa anakujua," mama alikuwa akimwambia. "Hata mbuzi wanakujua."

Baba alimjibu kwamba hajitaji kwa ajili ya walio uwanjani. Anajitaja kwa ajili ya wale watakaoubeba wimbo na kwenda kuuimba kusiko na mtu anayemfahamu. Aliyechukua wimbo wa mwenzake aliuchukua pamoja na jina la mwenyewe. Akiliacha jina, alizomewa mpaka atoke uwanjani. Basi nikisikia watu redioni wakisema hakimiliki ni jambo geni kwetu, kwamba lazima tuelimishwe, nazima redio na kwenda kuchambua mchele.

Mimi mwenyewe lakini sikuwa msafi. Katika miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti mjini Bariadi, karibu na stendi. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Huu wa Simiyu tumeupata baadaye. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza anachoweza, nami nilikuwa nimepata redio kaseti ya deki mbili. Upande mmoja unaweka kaseti yenye muziki, upande wa pili tupu, unabonyeza, unasubiri. Nilirudufu dansi la Dar es Salaam, muziki wa Zaire, kwaya za Wakatoliki na za Walutheri, hata mahubiri ya watu waliokemea wizi. Sikumwomba mtu ruhusa. Sikujua kama kuna wa kuombwa.

Baba alikuja mjini asubuhi moja kutoka Migato, akaegesha baiskeli mlangoni.

"Mwangaluka, mayu." Aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mwangaluka, Baba."

Akakaa, akasikiliza. "Huyu anayeimba anajua kuwa unamrudufu hapa?"

Nikacheka. "Baba, huyu yuko Kinshasa huko."

"Hata kama. Amejitaja?"

Nikamwambia sijui, lugha yake siielewi. Baba akatikisa kichwa, lakini hakugomba. Alikuwa amekuja na shida yake. Alikuwa na wimbo mpya na alitaka nimrekodi.

Ulikuwa wimbo wa mzani. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, nao tuliulalamikia kila msimu. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mzani wake, na mizani yote ilikuwa na uvivu mmoja. Pamba iliyokuwa nzito nyumbani ilifika kituoni ikawa nyepesi. Baba alikwenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa hili ni soko huria, asiyeridhika aende kwa mwingine. Akaenda kwa mwingine, mambo yakawa yale yale. Aliporudi kwa mtendaji akamkuta anakula mbuzi pamoja na wanunuzi. Ndipo akatunga. Ubeti wa kwanza unauliza mzani umelishwa nini hata hauwezi kuinuka. Wa pili unamuuliza mtendaji hivyo hivyo.

Nilibeba redio hadi Migato nikarekodi uwanjani. Redio ile ilikuwa na maiki ndani yake, kitundu kidogo pembeni ya spika, ikinasa chochote kilicho karibu. Tulipomaliza nilivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Baba akataka kujua kwa nini naiharibu. Nikamweleza kwamba siiharibu, ni ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake.

"Kwa hiyo jina langu halitoki tena?"

"Halitoki, Baba."

Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Wimbo ukatembea. Nilitoa nakala mpaka mkanda wa deki ukakatika nikafunga mwingine. Ulifika Zagayu, ukafika Lingeka huko Meatu, ukapigwa minadani kwenye ng'ombe, na kila ulipopigwa ngoma zilinyamaza na baba akajitaja. Nilijisikia mtu wa maana. Haikunijia akilini kwamba uwanjani manju anawaona wanaomsikiliza, na kaseti haimwoni mtu. Iliweza kukaa juu ya meza yoyote.

Ilikaa juu ya meza ya mtendaji. Mgambo wawili walimkuta baba shambani, wakamwambia aweke jembe chini. Ofisini wakampigia sauti yake na kumuuliza kama ni yeye. Alishangaa.

"Si nimejitaja?"

Wakasema ni uchochezi, wakamfungia kwenye kichumba cha mahabusu pale pale kata. Katiba ya nchi, nilikuja kuisoma baadaye, ilisema mtu ana haki ya kutoa maoni yake. Pale hakuna aliyekuwa nayo, na aliyekuwa na funguo ni mtendaji.

Mtendaji alimpigia kaseti ile kila aliyeingia ofisini. Nadhani ubeti wake ulimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Siku ya pili redio yake ikaitafuna, utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Polisi alikuwa anatarajiwa kesho yake kutoka wilayani kuja kuchukua ushahidi, basi mgambo akatumwa kibandani kwangu. Niandae nakala nyingine, na niilete mwenyewe, pamoja na kaseti mama niliyorekodia uwanjani.

Nilifunga dirisha saa saba mchana nikawaambia wateja umeme umekatika. Nikabandika selotepu juu ya matundu ya vile vijino nilivyovivunja, kwa sababu kaseti ikizibwa hapo inakubali tena kurekodiwa. Sisi wa kazi hiyo tulijua. Nikasikiliza wimbo hadi ngoma ziliponyamaza. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Nilikuwa nahema kama nimesukuma baiskeli mlimani, na niliachia tu nilipokadiria kwamba ngoma zinarudi. Halafu nikatoa nakala. Basi. Kazi ya muda wa kumeza mate mara chache.

Asubuhi nilipitia nyuma ya mahabusu, kwenye kidirisha. "Baba, nimelitoa jina. Wakikuuliza, sema huujui wimbo. Ukikubali, watatufunga sote wawili." Hilo la mwisho nililisema makusudi. Nilijua kwa ajili yake mwenyewe asingekubali kamwe.

Polisi alisikiliza mpaka mwisho. Mtendaji akaruka kitini, akasema jina lilikuwepo, amelisikia kwa masikio yake. Polisi alikuwa mtu aliyechoka na safari. Akasema yeye anaandika anachokisikia. Akamgeukia baba mbele ya watu wote waliokuwa wamejaa barazani, wengi wao wachezaji wake.

"Mzee, wimbo huu ni wako?"

Baba alinitazama pale mlangoni.

"Siujui," akasema.

Wakamwachia, na kaseti mama nikarudishiwa. Njiani alitangulia na baiskeli niliyokuja nayo akiikokota, mimi nyuma. Tulipofika kwenye shamba lake aliinama akaokota jembe pale pale alipoliacha.

"Si ulisema halitoki?"

Nikaichukua baiskeli ili abebe jembe.

Hofu haikuniisha. Nilizunguka minadani na kikapu cha kaseti, nikiwaambia watu lete ile ya zamani nikupe mpya, safi zaidi, haina mikwaruzo. Nani angekataa? Nilizikusanya nakala zote zenye jina la baba kwa bidii ambayo sikuwahi kuitia kwenye kazi nyingine yoyote, nikazifuta moja moja na kuwarekodia watu kwaya.

Nilichokisahau, mimi mtoto wa manju, ni upande wa pili wa ile desturi. Wimbo ambao mwenyewe ameukana mbele ya watu hauna mwenyewe. Yeyote anaruhusiwa kuuokota na kuweka jina lake. Baada ya mavuno yaliyofuata manju kijana wa chama cha ngoma kilichoshindana na cha baba alikuja nyumbani Migato na kuku mkononi, kwa adabu zote, akamuuliza baba kama wimbo wa mzani ni wake. Angeweza kusema ndiyo. Mtendaji alikuwa ameshahamishwa, tena kwa kupandishwa cheo. Nilikuwepo, nilikuwa napepeta mtama uani, nikaacha kupepeta nisikie.

"Nilishaulizwa," baba akasema, "na nilishajibu."

Siku ya mashindano yule kijana aliuimba. Ngoma ziliponyamaza akajitaja yeye, baba yake, mama yake na kijiji chake. Hakuna aliyezomea. Watu walimgeukia baba, na baba akapiga makofi pamoja na wengine. Nilimchukia kwa makofi yale, nikajichukia zaidi. Hakutunga tena wimbo mpaka anakufa. Alilima.

Nimeona mengi tangu hapo. Kaseti zikaisha, zikaja sidii, zikaja simu, na kibanda changu sasa ni cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi, anakiendesha mtu mwingine. Wimbo wa mzani ulirekodiwa studio Mwanza kwa kinanda. Ubeti wa mtendaji haupo. Wa mzani upo, na watu huucheza harusini wakidhani ni wa mapenzi. Wajukuu zangu wananionyesha watu wanaosema ukweli mtandaoni, nami huwauliza huyu ni nani. Wanacheka. Hajitaji, Bibi, akijitaja atafuatwa. Wanaosifia ndio wenye majina na picha. Wajukuu wananiona mshamba nikinuna, wanadhani sielewi teknolojia. Naielewa sana. Nilikuwa nayo kibandani, na nilijifunza kwamba mtu wa kwetu alipewa achague awe huru au awe na wimbo wake, na kwamba mimi ndiye niliyemchagulia.

Siku ya kumzika baba, tukiwa tumekaa mkekani wanawake, simu ya mtu ililia. Ilikuwa imewekewa wimbo ule. Mwenye simu akaizima haraka akiomba radhi kwa kuvuruga msiba. Nililia kwa sauti ambayo watu wote waliielewa vibaya, wakaniletea maji.

Mwaka jana nilisikia kuna utaratibu wa kuandikisha nyimbo za wazee. Nikaitoa ile kaseti mama kwenye sanduku, bado ina selotepu yake, imegeuka njano, nikaenda nayo kwa afisa utamaduni, mwanamke mpole anayeweza kuwa binti yangu. Alinitafutia redio ya kaseti kwa siku kadhaa, na hapo nilimpenda. Akavaa hedifoni, akafungua fomu.

"Sauti ya mzee ni nzuri, mama," akasema. "Lakini huu si una mwenyewe? Tunausikia kila siku."

"Mwenyewe ni huyo unayemsikia. Ni baba yangu."

"Ana ushahidi wowote? Manju wa kwenu si huwa wanajitaja?"

"Sogeza mbele," nikamwambia. "Ngoma zikinyamaza."

Alisubiri. Nilijua zimenyamaza kwa jinsi alivyoacha kutikisa kichwa. Akakunja uso, akarudisha nyuma, akafumba macho, akasikiliza tena. Na mimi, baada ya miaka yote hiyo, ndipo nikakumbuka ile maiki, kitundu kidogo pembeni ya spika.

"Hapa hakuna jina," akasema, akishusha hedifoni shingoni. "Ila kuna mtu anahema, karibu kabisa. Kama analia. Huyu ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.