Utamu Ulioingilia Puani

Nilipoajiriwa kwenye duka la manukato hapa Mji wa Kale, tayari mtaa wetu wa Tudor mzima ulishanionya: wachanganyaji wa marashi matamu hupata kisukari kupitia puani. Nami, na cheti changu cha shule ya usiku mfukoni, niliamini mia kwa mia.

Basi siku ya kwanza Fundi Mkuu akanipa kijiti, yaani kikaratasi chembamba kilichochovywa kwenye mafuta.

"Nusa."

Nikabana pumzi, nikatikisa kichwa kama mjuzi.

"Wasikia nini?"

"Uzuri, Fundi."

"Uzuri! Uzuri nao una harufu? Haya ni mafuta ya bibi harusi, yanangojwa kabla ya adhuhuri. Kama huna pua, yakhe, nenda bandarini ukabebe magunia!"

Kazi hiyo inaniponyoka! Nikajisemea, bora niugue nikinukia. Nikavuta pumzi hadi vifungo vya shati vikaruka.

Wallahi, vijana wangu! Kwanza ikanipokea sukari iliyoungua. Hiyo ndiyo harufu ya juu: hubisha hodi, ikaenda zake. Nyuma yake lozi na kahawa, harufu ya kati. Chini kabisa vanila na udi, nzito, zimetulia kama halua ya moto kwenye sinia. Hicho twakiita kitako, na hung'ang'ania nguo hata uifue mara elfu.

"Vanila imezidi," nikasema. "Udi wasikika kwa mbali mno."

Fundi Mkuu akanusa, akatia tone moja la udi, akanusa tena. Akacheka.

"Keti. Kazi ni yako."

Baadaye nilipelekwa ghala letu la Mbaraki, ambako Meneja wa huko aliniita Bwana Pua, kisha nikarudi dukani kuwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Nikifungua chupa, mtaa wa Ganjoni wote hugeuza shingo! Lakini kile kisukari sikukisahau hata siku moja. Ili sukari ya puani ipate nafasi yake, nikaufunga mdomo: chai kavu isiyo na sukari, na halua ya Idi nikiwaachia wageni.

"Utamu wangu nimeshaula kazini," nikimwambia mke wangu, naye akiguna tu.

Nilipostaafu nikaenda kupimwa kisukari. Muuguzi, binti mpole, akanitoboa kidole, akasema damu haina neno. Nikamweleza kwa fahari nilivyojilinda umri wote.

Akanitazama sana.

"Baba, harufu haina sukari. Halua ungekula tu."