Leso za Vyama Viwili

Tulikuwa wanne kwenye bomba la maji pale Mbotela: muuza sukumawiki wa chama tawala, fundi cherehani wa upinzani, mimi, na mtoto wangu mgongoni akichemka homa. Wale wawili walijifunga leso walizogawiwa kwenye kampeni, moja ya manjano, nyingine ya kijani.

"Chama chenu kinagawa leso badala ya dawa," alisema fundi.

"Na hiyo uliyojifunga ulinunua wapi, dada?"

Mvua ikatushukia. Wakiendelea kubishana, walifungua leso zao wakamfunika mtoto, ya manjano kichwani, ya kijani miguuni.

"Wahi zahanati, mama. Maji tutakuchotea."

Nilipomfunua kule zahanati, nesi alishtuka kuona ngozi yake. "Manjano ninaijua. Hii ya kijani ni ugonjwa gani?"

"Ni kampeni, sista."

Alicheka, akamdunga sindano.

Tofauti za vyama hivyo waulizeni wanasiasa. Mimi najua leso zao zote huchuja rangi, na kwamba wenye leso walilowa kwa ajili ya mwanangu.

Homa iliisha kabla ya uchaguzi. Rangi ilikuwa bado haijatoka.