Tochi ya mbizi ya River Road, na kamba iliyoniita ndani ya tangi la Satellite

Wakuu, niaje.

Hii sijaitia chumvi hata punje. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome hadi mwisho kwanza.

Kazi yangu ni kukagua matangi ya maji yaliyo chini ya maghorofa. Wenye nyumba hawapendi kumwaga maji, na shida ya maji Nairobi mnaijua. Kwa hivyo mimi huvaa mtungi wa hewa, nazama na tochi, natafuta ufa, natoka. Kabla hamjauliza: ndiyo, vifaa huoshwa kwa dawa. Chai yenu iko salama.

Mwaka huu tochi yangu ya zamani iliingia maji ikafa. Nikaenda town kutafuta nyingine.

Nilianzia kwa Bwana Harish, mzee ambaye ameniuzia vifaa tangu nianze kazi hii. Akanipa tochi fupi, nzito, isiyo na mbwembwe.

"Chukua hii," akasema. "Lumens, ile nguvu ya mwanga, si mingi, lakini inakaa masaa mbili na mwanga haishuki. Na betri nunua hapa hapa. Betri ndio roho ya tochi."

Nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilitaka ile inayowaka kama taa ya uwanja wa mpira. Nikashuka River Road nikaipata, pamoja na betri mbili za rangi ya dhahabu zilizoandikwa 9900mAh.

Wajuzi mmeshaanza kucheka. Chekeni. Betri ya kweli ya saizi ile haibebi chaji hata nusu ya namba hiyo, lakini mimi wakati huo sikujua.

Nyumbani Waithaka niliizamisha kwenye karai dakika kumi. Haikuvuja wala kufifia. Nikajiona mjanja.

Mke wangu, Mwende, huuza nafaka sokoni na ana mzani mdogo wa elektroniki. Akaichukua betri moja mpya, akaipimapima kwa mkono, halafu akaiweka kwenye mzani. Gramu ishirini na nane. Akaweka ile ya tochi ya zamani, saizi ile ile. Arobaini na sita.

"Baba Kioko, hapa umeuziwa hewa," akasema. "Kitu imeandikwa kubwa hivi inakuwaje light hivi? Mimi nikiletewa gunia ya hivi narudisha."

"Hii ni technology, Mama Kioko. Si maharagwe."

Hakubishana. Asubuhi yake alichukua tochi yangu ndogo ya akiba, ile ya betri moja ya kawaida ya dukani, ambayo nilikuwa nimeisahau kwenye droo. Akaitia kwenye mfuko wa suti yangu ya mbizi. "Beba tu," akasema. "Haitakuuma."

Saa nne asubuhi, jua limeshapanda, tulikuwa mtaa wa Satellite. Tangi la jengo lilikuwa linapoteza maji na hakuna aliyejua yanakoenda.

Niwaeleze tangi lenyewe. Lina vyumba viwili, na kati yake kuna ukuta wenye mlango. Kifuniko cha kuingilia ni kimoja, kiko chumba cha kwanza. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye slabu ya juu, kwa hivyo hakuna mahali pa kuinua kichwa upumue. Ukipotea humo, una hewa uliyobeba mgongoni basi.

Caretaker wa jengo akazima pampu, akang'oa fyuzi, akaishika mkononi. Mutiso, mwenzangu wa miaka mingi, akashika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu. Lugha yetu ni fupi. Mvuto mmoja: niko sawa. Mitatu: toka sasa hivi.

Nikazama. Ile tochi iliwaka hadi nikaona kila kovu la plasta. Nikapita mlangoni, nikaingia chumba cha pili.

Humo ikapepesa mara mbili, ikafifia, ikazima. Nikaitikisa. Wapi.

Wakuu, lile si giza la stima kupotea. Hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Nilikuwa nasikia pumzi yangu tu. Niliogopa, sitaficha.

Kisha kamba ikavuta. Moja, mbili, tatu.

Nilifarijika hadi nikataka kucheka. Nikajibu kwa mvuto mmoja. Kimya kidogo, halafu tena: moja, mbili, tatu. Taratibu, bila haraka yoyote.

Nikaanza kuifuata, mkono baada ya mkono. Nikisita, inavuta. Nikijibu, inatulia kama mtu anayesikiliza. Moyoni nikasema Mutiso leo amekuwa mpole sana.

Nilitarajia kugusa fremu ya mlango. Sikuigusa. Na kamba ilikuwa inashuka, ilhali anayeniita yuko juu. Maji yakawa baridi zaidi. Hapo ndipo nikakumbuka mfuko.

Mwanga wa ile tochi ndogo ulikuwa hafifu, wa manjano, lakini ulitosha. Mbele yangu, chini kabisa ya ukuta wa mwisho, kulikuwa na mdomo wa bomba kuukuu, upana wa sahani. Kamba yangu ilikuwa imeingia humo, ikapinda, ikatoka tena kuelekea mlangoni. Mkono wangu ulibakisha shibiri moja tu uingie.

Ikavuta tena. Safari hii niliiona kwa macho. Moja. Mbili. Tatu.

Sikujibu. Nilichomoa kisu, nikaikata kamba kiunoni, nikashika ule upande unaorudi na kuufuata hadi mlangoni, hadi kwenye mwanga wa kifuniko.

Mutiso alikuwa ameketi ukingoni. "Umemaliza mapema hivyo?"

"Si wewe umeniita?"

"Nani, mimi? Sijavuta hata once. Kamba imelegea tu, nilikuwa karibu kukuita."

Nikamgeukia caretaker, nikidhani amewasha pampu. Akafungua kiganja. Fyuzi ilikuwa pale pale.

Tangi likamwagwa. Bomba lile linaelekea kwenye kisima cha zamani kilichofukiwa kabla jengo halijajengwa. Aliyejenga alilipaka plasta tu, na plasta ikabanduka. Maji yalikuwa yanaenda huko. Mutiso anasema mkondo ndio uliovuta kamba, na mimi nakubali. Bomba limejazwa zege na tangi halipotezi maji tena.

Ila mkondo kuhesabu hadi tatu, hilo bado halijaniingia akilini.

Betri zile niliwapelekea mafundi wa simu wakapasua moja. (Msijaribu nyumbani, inaweza kuwaka.) Ndani kulikuwa na kibetri kidogo, na unga mweupe umejaza nafasi iliyobaki. Mwende alipouona hakuniambia "si nilikwambia." Alikaa chini, akanishika mkono, akalia. Ningependelea anigombeze.

Nilichojifunza ni kwamba mwanga mkali ni sifa za dukani. Pima betri zako kwa mzani. Iache tochi iwake kwenye maji hadi ife yenyewe, si dakika kumi kama mimi. Na ya akiba usiitie betri za pakiti moja na ile kubwa. Nilirudi kwa Bwana Harish nikachukua ile nzito, naye kwa hisani yake hakuniuliza nilikuwa wapi.

Ningeishia hapo, lakini juzi caretaker alinipigia simu. Wapangaji wa chini wanasikia kitu kinagonga ndani ya ukuta wa jikoni. Mara tatu, kinanyamaza, mara tatu. Alitaka kujua kama nao wagonge, waone.

Nikamwambia wasithubutu. Mimi nilikijibu mara nne kwamba niko sawa, na kilikuwa kinanisubiri.

Wenye sayansi ya maji na mabomba, nielezeni, nitasoma kila comment na nahitaji maelezo kwelikweli. Jumatatu nina tangi lingine. Na kama maelezo hamna, basi niambieni tu mnatumia betri gani.